Mjane wa Kiwanja cha Nne

Mena Cusker aliingia chumbani kwangu Jumanne moja ya mwezi wa Aprili, maji yakimchuruzika kwenye ukingo wa kofia, akauliza kama mimi ndiye Dympna wa vitabu vya uthamini.

"Ndiye mimi. Vua koti hilo, mama, utaniloweshea ramani."

Hakuvua. Aliketi kwenye ncha ya kiti, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Wakati huo nilikuwa nimekaa miaka ishirini na mitatu kwenye chumba kile cha nyuma cha maktaba, na kazi yangu ilikuwa kuwasaidia watu kuwatafuta wafu wao. Wengi walitoka Amerika na Australia. Walifika na jina la babu, machozi yakiwa tayari, nami niliwafungulia kile tulicho nacho. Sensa zetu za zamani ziliteketea. Kila mtu Ireland anajua hilo. Anayetaka kumwona babu wa babu yake inambidi amtafute kwenye uthamini, ile kazi ya zamani serikali ilipotuma watu wapime kila shamba na kila kibanda nchini ili ijue itoze kodi gani. Walimwandika kabaila, wakamwandika na mjane mwenye bustani ya viazi. Jina, nyumba, ardhi, thamani, basi. Lakini mtu akiona jina la watu wake pale, na namba inayomwonyesha kwenye ramani ni kona ipi hasa walikaa, hulia kana kwamba amewakuta mlangoni.

"Unamtafuta nani?" nilimuuliza.

"Watu wangu nawajua wote, na sina hamu na hata mmoja. Nataka kujua nani alikaa kwenye kiwanja kilicho nyuma ya nyumba yetu. Carrowgarve."

"Mnataka kujenga?"

"Nataka kunywa chai yangu kwa amani."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Alizaliwa Carrowgarve, akaondoka akiwa bado kijana, akawa muuguzi Leeds kwa miaka thelathini. Mwaka uliopita kaka yake Jarlath, mzee kapera wa miaka sabini na nne, alianguka zizini akavunjika nyonga, na Mena akarudi kumtunza. Wiki ya kwanza, saa tisa alasiri, akiwa amekaa jikoni na kikombe chake, alisikia dirisha likigongwa. Mara tatu, polepole, kwa kifundo cha kidole. Alidhani ni mkongojo wa Jarlath. Kesho yake liligongwa tena, saa ile ile, na safari hii Jarlath alikuwa amekaa mbele yake akitafuna mkate.

"Nikasimama nikachungulia," Mena alisema. "Kule nyuma kuna kiwanja kidogo, majani tu na lundo la mawe. Kwenye pengo la ukuta alikuwa amesimama mwanamke. Mtandio wa kahawia mabegani, kichwa wazi. Mvua inanyesha vilevile kama leo, Dympna, na nywele zake zilikuwa kavu."

Niliiweka kalamu chini.

"Mimi nimewafumba macho watu zaidi ya mia tatu kwa mikono hii. Maiti siiogopi. Lakini yule midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa ananiuliza kitu."

"Na kaka yako?"

"Hata kichwa hakugeuza. Ananiambia, 'Ni Sabina huyo. Mwambie aende nyumbani.' Nyumbani wapi? 'Pale pale kwake.' Anaonyesha yale mawe. Kisha akajikokota mwenyewe hadi dirishani, akalifungua, akasema, 'Nenda, Sabina. Nenda, mama.' Kwa upole, kama unavyomwambia ng'ombe mzee. Na yule, badala ya kwenda, akasogea hatua moja kuja kwetu."

"Wewe hukumjua utotoni?"

"Tulikatazwa kucheza kule. Mama alifunga pazia kila alasiri, akasema jua linafifisha rangi ya kabati. Jua, Dympna. Carrowgarve." Hapo ndipo alipotabasamu kidogo, akavua koti.

Nilitoa ramani nikaitandaza. Carrowgarve ni kitongoji cha nyumba sita siku hizi. Mwaka wa elfu moja mia nane hamsini na sita, wathamini walipopita, zilikuwa kumi na tisa. Nyumba ya akina Cusker ilikuwa namba tano, na jina lililoandikwa ni Thady Cusker, babu wa baba yake Mena. Kiwanja cha nyuma kilikuwa namba nne. Kwenye kitabu niliufuata mstari wa namba nne kwa kidole hadi kwenye jina.

"Sabina Loftus. Mjane. Nyumba, bustani, na ardhi ekari nne na robo."

"Ekari nne? Pale hapatoshi hata mbuzi wawili."

"Namba nne haiishii kwenye kile kiwanja. Tazama mpaka ulivyochorwa. Inashuka hadi mtoni."

Mena aliinama juu ya ramani kwa muda mrefu. Ardhi ile ya mtoni ndiyo iliyokuwa malisho bora ya kaka yake, na ya baba yake, na ya babu yake. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba iliwahi kuwa ya mtu mwingine.

"Labda waliinunua," alisema.

"Labda. Wathamini walirudi kila baada ya miaka michache kusahihisha. Vitabu hivyo viko Dublin. Wanakata jina la aliyeondoka, wanaandika la aliyeingia, kila safari kwa wino wa rangi yake. Tukienda tutaona."

Kabla ya safari nilimpigia simu katibu wa parokia, mtu ninayemfahamu. Padri wa wakati ule alikuwa na tabia ya kuandika hata mazishi, jambo ambalo wengi hawakujisumbua nalo. Katibu alipekua akanisomea: Sabina Loftus, mjane, wa Carrowgarve, alizikwa mwezi wa pili mwaka elfu moja mia nane sitini na moja. Niliandika kwenye karatasi, nikaitia mfukoni. Kumbe nusu ya jibu nilikuwa nayo tayari na sikujua.

Tulipanda treni ya asubuhi. Kwenye ofisi ile ya Dublin walituletea kitabu kikubwa chenye jalada lililochakaa, kurasa zimejaa mistari ya rangi kama nguo iliyoshonwashonwa viraka. Nilimsomea Mena taratibu. Mwaka sitini na mbili, wino wa kijani: zile ekari nne na robo zimekatwa kwa Sabina Loftus, zimeandikwa kwa Thady Cusker. Nyumba na bustani zimebaki kwa Sabina.

"Mwaka sitini na mbili," Mena alisema, "si ulisema alishazikwa?"

"Subiri kwanza."

Mwaka sabini na moja, wino mwekundu: Sabina Loftus, nyumba na bustani. Mwaka themanini, wino wa zambarau: Sabina Loftus. Themanini na nane: Sabina Loftus. Jina lile lilisimama pale, majirani zake wote wakikatwa mmoja baada ya mwingine kuelekea kaburini au Boston. Halafu mwaka tisini na nne, wino wa buluu: jina limekatwa kwa mstari mmoja, na pembeni maneno mawili. Nyumba imeanguka.

"Mwanamke aliyezikwa mwaka sitini na moja amekaa kwenye nyumba hii miaka thelathini na mitatu zaidi," nilisema, na niliposikia sauti yangu mwenyewe nilitamani ningekaa kimya.

Mena ndiye aliyeyaona maandishi ya pembeni. Yalikuwa madogo sana, ya penseli, kando ya wino wa zambarau. Mthamini wa mwaka themanini, ambaye hata jina lake hatukulipata, aliandika hivi: *Mpangaji hataki kutaja jina lake. Majirani wote wasema ndiye mjane Loftus. Mwanamke huyu hajazidi miaka arobaini na mitano. Iachwe kama ilivyo.*

Nimesoma maelfu ya kurasa za vitabu vile. Kwa kawaida hukutana na paa bovu, ukuta wenye unyevu, njia mbaya. Sijawahi kukutana na mtu akinitazama. 

Treni ilipopita Athlone, Mena alinigeukia.

"Mthamini aliwauliza majirani," alisema. "Jirani wa kwanza kugongewa mlango alikuwa nani?"

"Thady Cusker."

"Naye alikuwa na ekari nne na robo za kupoteza." Alikiegemeza kichwa kwenye kioo. "Jarlath anajua. Yule mzee nguruwe anajua kila kitu, na ananiambia mwambie aende nyumbani."

Alinisihi nifike naye. Sikuwa na hamu, nasema kweli, lakini nilikwenda. Tulifika Carrowgarve Jumamosi mchana. Jarlath alikuwa kwenye kiti chake kando ya jiko, blanketi miguuni, mzee mrefu mwenye masikio makubwa na macho ya buluu yaliyooshwa na upepo. Nilimpenda papo hapo, jambo lililonitatiza baadaye.

"Huyu ndiye mwanamke wa vitabu?" alisema. "Karibu, Bi Dympna. Umekuja kunipandishia kodi?"

"Kaka, acha mizaha." Mena alimimina chai akabamiza birika. "Yule mwanamke si Sabina Loftus. Sabina alikufa mwaka sitini na moja. Imeandikwa kwenye daftari la parokia. Yule ni nani?"

Jarlath alikoroga chai yake ingawa haikuwa na sukari.

"We Mena, umekaa Uingereza miaka thelathini. Sisi tumekaa naye. Hana madhara."

"Sijauliza kama ana madhara."

"Mimi nimezaliwa nimemkuta. Nimeng'oa jino la kwanza yuko pale. Nimemzika mama, nimemzika baba, narudi kutoka makaburini yuko pale, ndiye peke yake aliyenisubiri. Unataka nimfanyeje?"

"Nataka useme."

Alitazama dirisha. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia tisa. Nadhani hilo ndilo lililomfungua mdomo. Hakutaka awe bado anabishana wakati ule ukifika.

"Alikuwa binti wa mjane," alisema. "Mama yake alipokufa, kabaila alikuwa anapunguza watu. Alitoa nauli ya meli kwa kila aliyebaki bila mume wala kaka, waende Amerika. Binti akapandishwa kwenye gari la punda hadi Sligo, na jina lake likaandikwa kwamba ameondoka. Wiki ile ile Thady akaomba ile ardhi, akapewa. Siku ya tisa binti akarudi. Alitoroka bandarini, akatembea njia yote, miguu imechanika. Alikuta ng'ombe wa Thady kwenye majani ya mama yake."

"Thady akafanyaje?"

"Akamwambia, wewe kwenye karatasi uko Amerika. Msimamizi wa kabaila akijua umerudi, atakutupa njiani wewe na kitongoji kizima kwa kukuficha. Kaa kwenye nyumba ya mama yako, na mgeni yeyote akikuuliza, wewe ndiye mama yako. Siku utakayotaja jina lako, siku hiyo huna paa." Jarlath aliweka kikombe chini. "Akakaa. Akawa mama yake. Kitongoji kizima kilimwita Sabina. Wenye huruma walimpelekea maziwa, wakamwita Sabina."

"Na mwaka tisini na nne nyumba ikaanguka," nilisema.

"Haikuanguka." Sauti yake ilishuka. "Babu yetu Austin alimkuta amekufa kando ya meko, baridi ya mwaka tisini na tatu. Ndiyo kwanza sheria ya wapangaji kununua ardhi kutoka kwa kabaila ilikuwa imefika, walikuwa wanakaribia kutia saini. Wangempelekaje kwa padri? Sabina alishazikwa, limeandikwa. Padri angeuliza, huyu basi ni nani? Na mtu mwenye jina ni mtu mwenye haki. Austin na baba yake wakainua jiwe la meko wakamlaza chini yake. Kisha wakazisukuma kuta."

Mena alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Baba aliniambia siku tatu kabla hajafa," Jarlath aliendelea. "Usilime pale, alisema. Usimwambie Mena, ataondoka. Nikamwambia, baba, Mena alishaondoka."

"Jina lake nani?"

"Sijui."

"Jarlath."

"Sijui! Baba hakujua. Austin hakujua, au alisahau, au aliogopa. Ukikataza jina lisitajwe miaka thelathini, wanaolijua wanakufa."

Dirisha likagongwa.

Nilikuwa nimejiambia njia nzima kwamba sitasikia kitu. Nilisikia. Mara tatu, kama mtu mwenye adabu anayejua anasumbua. Nikageuka. Alikuwa karibu kuliko Mena alivyonieleza. Alikuwa amelivuka pengo la ukuta na amesimama katikati ya uwanja, hatua kumi hivi kutoka kwetu. Mwanamke wa makamo, mwembamba, mikono imefungwa ndani ya mtandio. Kilichoniumiza ni uso. Ulikuwa na ile subira ya mtu aliyepanga foleni siku nzima, amefika dirishani, na karani amemwambia hayumo.

Jarlath alifungua kinywa kwa mazoea. "Nenda, Sab—"

Mena alimziba mdomo kwa kiganja. "Usimwite hivyo. Usimwite hivyo tena kamwe katika nyumba hii." Kisha akaenda dirishani, akalisukuma juu, akazungumza kwa ile sauti ya wauguzi wanaokaa na mgonjwa alfajiri. "Jina lako silijui, mama. Wamelipoteza watu wangu. Nitalitafuta. Unanisikia? Nipe siku chache."

Midomo ya yule mwanamke iliendelea kucheza. Alituangalia hadi chai ikapoa, kisha tukawa tunatazama majani matupu.

Kulitafuta jina kulinichukua siku nne. Daftari la ubatizo la parokia ile limeliwa na unyevu. Kurasa nyingine unazisoma kwa kubahatisha. Nilijua natafuta mtoto wa Sabina Loftus, aliyezaliwa kati ya mwaka thelathini na tano na arobaini na mbili. Nilimpata mmoja tu. Aprili, mwaka thelathini na nane, baba Martin Loftus, mama Sabina, kitongoji Carrowgarve, mtoto wa kike. Jina: Penelope.

Nilimpigia Mena simu nikamsomea.

"Penelope?" alisema. "Carrowgarve? Mtoto wa viazi na maziwa ya mgando aitwe Penelope?"

"Hakuna aliyemwita hivyo. Mapadri wetu walikuwa hawaandiki majina ya Kiayalandi. Mama akisema Finola, padri anaandika Penelope. Nimeliona mara mia."

"Una hakika?"

"Kama ninavyoweza kuwa na hakika na kitu chochote cha kazi hii."

Nilisikia Jarlath akikohoa nyuma yake. "Njoo basi," alisema. "Sitaki kuwa peke yangu nikikosea."

Siku ile haikunyesha. Tulitoka nje sote watatu. Jarlath alikataa kubaki ndani, akaja na fremu yake ya kutembelea ikizama kwenye matope, akitukana kila hatua. Tulisimama kwenye pengo la ukuta kabla ya saa tisa. Kondoo wa shamba la jirani walikuwa wanatafuna, kisha wakaacha, wote kwa pamoja, wakageuza vichwa.

Alikuwa kando ya mawe. Sikumwona akija.

Mena alipiga hatua moja mbele. "Finola," alisema. "Finola Loftus."

Midomo ikatulia. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, jinsi uso ule ulivyotulia ulipoacha kuuliza. Hakutabasamu, na hakutushukuru. Nadhani hakuwa na sababu ya kutushukuru. Alimtazama Mena. Alinitazama mimi. Alimtazama Jarlath muda mrefu zaidi, na mzee yule akavua kofia akaishika kifuani. Kisha alitupa mgongo, akapanda juu ya mawe kama anayeingia mlangoni, akapiga hatua tatu, akasimama mahali fulani, akainama, kama anayepuliza moto. Hatukumwona tena.

"Pale," Jarlath alisema. "Hapo ndipo meko yalipokuwa."

Mena aliwaita polisi, wakaja na watu wa Dublin wenye burashi na vijiko. Walimkuta pale pale, chini ya jiwe bapa, amelala ubavu kama aliyejikunyata kwa baridi. Mtaalamu wao, mwanadada mpole sana, alisema ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, na kwamba vidole viwili vya mguu wake wa kushoto viliwahi kuvunjika ujanani vikaunga vyenyewe, vibaya. Walikaa naye miezi mitano, wakamrudisha mwezi wa Oktoba ndani ya sanduku dogo.

Wakati huo nyumba ya Carrowgarve ilikuwa kimya. Mena aliniambia kimya kile kilikuwa kizito kuliko kule kugongwa kwa dirisha. Ikifika saa tisa, Jarlath aliacha chochote alichokuwa akifanya, akasubiri, mkate mkononi. Siku moja Mena alimkuta amesimama kwenye kile kiwanja peke yake, bila fremu.

"Unafanya nini, kaka?"

"Nimezoea kuagana naye," alisema.

Tulimzika Finola kando ya mama yake. Nilidhani tutakuwa watu watano. Walikuja karibu sitini. Kitongoji kizima na vya jirani, magari yamepangwa hadi daraja. Padri, kijana kutoka Kerala aliyekuwa na mafua tangu atue huku kwetu Mayo, alisoma jina lote kwa makini, akalirudia mara mbili, kwa sababu Mena alimwomba.

Kisha watu wakapanga foleni, kama desturi yetu ilivyo, kuwapa mkono wafiwa. Wafiwa walikuwa hawapo, hivyo wakamwendea Jarlath na Mena. Wa kwanza alinyoosha mkono. "Pole kwa msiba, Jarlath."

Jarlath hakuupokea.

"Msinipe pole mimi," alisema. Alisema kwa sauti ya juu, na waliokuwa wanaelekea kwenye magari wakasimama. "Sisi ndio tuliomchukulia ardhi. Sisi ndio tuliomnyang'anya jina na kumfukia kama mbwa. Malisho yangu ni yake. Nimenenepesha ng'ombe kwa miaka ishirini na zaidi kwenye majani yake nikijua yuko wapi. Nendeni nyumbani, jamani. Msinishike mkono."

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Wanaume walichunguza viatu vyao. Mena alimshika kaka yake kwapani, maana alikuwa anayumba.

Ndipo Bid Ruane akatoka kwenye foleni. Alikuwa na miaka themanini na minane, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali, aliyeogopwa na vizazi vitatu vya makarani wa posta. Nilidhani amekuja kumchana.

"Bibi yangu alikuwa akimpelekea maziwa," Bid alisema. "Kila Jumapili, miaka ishirini. Alimwita Sabina usoni kwake. Walikuwa wasichana pamoja, Jarlath. Walicheza pamoja kando ya mto, jina lake alilijua kama alivyolijua la kwake mwenyewe, na siku anakufa alikuwa bado hajalitamka." Alipumua. "Mama yangu aliniambia siri hiyo nikiwa na miaka tisa. Nami nimenyamaza miaka sabini na tisa. Kwa hiyo usijifanye mkubwa hapa, kana kwamba dhambi ni yenu akina Cusker peke yenu."

Mtu mmoja nyuma, sikumwona nani, alisema, "Na kwetu walijua." Mwingine akasema, "Na kwetu."

Jarlath alimtazama Bid. Bid akaupanda ule udongo laini hadi mbele yake, akauchukua mkono wake bila kumwomba, akaushika kwa mikono yake yote miwili, na hakuuachia. Upepo ulikuwa umeanza kutoka baharini, na padri akapiga chafya. Watu waliokuwa wamefika kwenye magari walirudi, mmoja mmoja, wakasimama kuuzunguka ule udongo mpya, na tukakaa pale muda mrefu, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.